Siku ya 31
Mpwa wangu kafukua droo ya kabati, kaibuka na kiswaswadu. "Mama mdogo, hii nayo ni simu?" Nikamwambia hiyo ilikuwa ofisi yangu. Akacheka, akaenda zake. Mimi nikabaki nimekishika, betri imevimba, na upepo wa barabarani ukaanza kunivumia masikioni.

Ni enzi za mradi wa vidonda, nilipotoka wodini. Kile chumba nyuma ya stoo ya mashuka mnakijua. Kazi ilikuwa kumpigia kila mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, siku ya 30 baada ya upasuaji, na kumsomea dodoso. Usaha? Homa? Mshono umefumuka? Ndiyo au hapana.

Daktari wetu alibandika ukutani matokeo ya utafiti wa mwaka 2016 kutoka nchi 25 za Afrika. Wagonjwa 239 walifariki, na 225 kati yao walifariki baada ya siku yenyewe ya upasuaji kupita. "Mezani wanatoka wazima," alikuwa akisema, "tunawapoteza huku nje." Na hao walihesabiwa wakiwa bado wamelazwa hospitalini. Aliyesharuhusiwa, kilichompata nyumbani hakimo kwenye hesabu ile. Ndiyo sababu tukapewa vocha.

Siku hiyo namba ilipokelewa na mwanaume, nyuma yake honi na vicheko vya kijiweni. Nikajitambulisha, nikamtaja mama. "Mke wangu huyo. Yuko nyumbani. Usikate, nampelekea." Kabla sijamjibu nikasikia pikipiki inapigwa kiki.

Nikasafiri naye. Simu nadhani aliichomeka ndani ya kofia, maana nilisikia upepo, kisha pumzi yake, kisha upepo tena. Kuna mahali alipunguza mwendo akabishana na abiria: "Mia tano haifiki huko, mama, labda nikushushe kanisani." Kuna mahali mbuzi walilia. Mara moja moja ananiuliza, "Upo, sista?" Nami najibu nipo, jicho kwenye saa ya ukutani, salio linayeyuka. Mwenzangu wa meza ya pili aliacha kuandika akanitazama. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba niko safarini.

Pikipiki ikazimwa. Kwanza nilipewa mama mkwe, aliyetaka kujua kama hospitali inadai hela. Nikamwamkia, nikamhakikishia hakuna deni. Ndipo simu ikamfika mwenyewe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mtoto mzima?"

"Mzima, ananyonya."

Nikasoma. Usaha hapana. Homa hapana. Harufu hapana. Mshono haujafumuka. Nilikuwa naweka tiki ya mwisho aliposema, "Ila dada, nikicheka lazima nijifunge kanga kwa nguvu."

Nikamuuliza nani anachota maji pale nyumbani.

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu tuliporudi. Ndoo ile ya lita 20." Akashusha sauti, nadhani mama mkwe alikuwa bado pale pale. "Mtapiga tena lini?"

Nikamwambia hii ndiyo simu ya mwisho, kwamba tunafuatilia mpaka siku ya 30.

"Sawa. Na nikiumwa ya 31?"

Nilimwambia aende zahanati, asisubiri, na ndoo aiache. Jibu la kiuguzi kabisa. Kisha mumewe akachukua simu akasema asante sista, na kijiwe kikamwita.

Kwenye dodoso alikuwa "hapana" tupu, mmoja wa waliopona vizuri. Lile la maji nililiandika pembeni kwa penseli. Aliyekuwa akiingiza takwimu akaniambia kwa upole kwamba pembeni hakuna safu.

Sisemi siku 30 ni kosa. Kila mtu akijichagulia siku zake, wa kwetu hatalinganishwa na wa Kigali. Ule utafiti wa glavu uliotoka mwaka 2022, wagonjwa 13,301 katika nchi saba, Rwanda ikiwemo, ulihesabu siku hizo hizo 30. Ukaonyesha kwamba timu ikibadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, maambukizi ya kidonda yanashuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Jambo dogo vile! Ushahidi wake ukatokana na watu kama sisi kuuliza usaha, homa, mshono, bila kupinda. Na kuongeza swali moja katikati ya mradi ni kurudi kamati ya maadili na barua. Nayaelewa yote hayo, na bado yule dada hajanitoka.

Toka siku hiyo, dodoso likiisha, nilikuwa nafunga faili ndipo naulizia maji. Haikuandikwa popote. Wengi walinijibu kwa swali: "Sasa nani achote?" Baadhi ya waume walinyamaza kidogo, wakasema wamesikia. Kama walichota au hawakuchota, huko simu yangu haikufika.

Mwisho wa mwezi mhasibu akaniita. Alitaka kujua kwa nini vocha zangu zinaisha mapema kuliko za mwenzangu, na dodoso ni lile lile.

Nikamwambia mtandao unasumbua.