Kiingereza cha wodini: namba kwanza

Mwanafunzi wa unesi anayeanza wodi Kisumu au Nakuru Kiingereza anacho. Mitihani yake yote ameifanya kwa lugha hiyo. Kinachomwangusha ni mpangilio. Anaanza na historia ndefu, jambo lenyewe linakuja mwisho, na nesi wa zamu keshageukia kitanda kingine.

Chukua mama wa kitanda cha 6, amejifungua masaa mawili yaliyopita na damu haikatiki. Mwite nesi bila kumwacha mama peke yake, useme: "Bed six, delivered two hours ago, bleeding heavily. BP 85 over 50, pulse 128. Three pads soaked, uterus is soft. Please come now." Ndiyo ile SBAR mliyofundishwa darasani: hali ilivyo, alikotoka, unachoona, unachoomba. Wengi humeza hiyo sehemu ya mwisho kwa adabu, wakidhani kumwambia mkubwa aje sasa ni ufidhuli. Damu haina adabu, sema.

Saa nazo zinaponza watu kimyakimya. Mgonjwa anasema amemeza Panadol "saa nane usiku." Mwanafunzi anaandika "8 pm". Saa kumi alfajiri mgonjwa anaomba dawa ya maumivu, kadeksi (karatasi ya kumbukumbu za mgonjwa) inaonyesha masaa manane yamepita, anapewa gramu 1 nyingine. Kumbe ni masaa mawili tu, ilhali dozi hiyo inatakiwa ipishane masaa 4 hadi 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Muulize tena, kabla au baada ya usiku wa manane, kisha andika 0200 hrs. Mtindo wa masaa 24 hauna ubishi.

"Homa" pia usiikimbilie na "malaria", hata kama uko kanda ya ziwa. Kwa mmoja ni joto, kwa mwingine mafua. Andika alichosema, siku ngapi, na kipimajoto kinasomaje: "hot body for three days, temp 38.9". Ule msemo wa "patient in fair general condition" hauambii zamu inayoingia chochote.

Dozi ikitamkwa, irudie kwa tarakimu mojamoja: "fifteen, one five", kwani kwenye kelele za wodi "fifteen" husikika kama "fifty". Kwenye maandishi weka 0.5, usiweke .5, na 5 iache bila .0, maana nukta ikififia 5.0 inasomeka 50. Hukusikia? "Please repeat the dose." Hakuna nesi mwenye akili atakayekukasirikia kwa hilo, na akikasirika, uliza tu tena.