Tunatazama kwa Macho ya Nani? Kamera katika Pan's Labyrinth

Jumamosi usiku niliitazama tena Pan's Labyrinth, filamu ya mwaka 2006 ya mwongozaji wa Meksiko, Guillermo del Toro, na safari hii niliyazima maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini. Kihispania sikijui, lakini hadithi naikumbuka vizuri, na nilitaka macho yangu yaachwe huru kuifuata kazi ya mpigapicha wake mkuu, Guillermo Navarro, ambayo ilimpatia tuzo ya Oscar. Tangu hapo nina fikra moja ambayo naiandika kabla haijapoa: filamu hii inamwamini mtoto, na imani hiyo imebebwa na kamera kuliko maneno ya mhusika yeyote.

Kwa asiyeifahamu, ni Hispania, mwaka 1944, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha na askari wa dikteta Franco wanawasaka waasi waliobaki milimani. Msichana mdogo, Ofelia, anapelekwa pamoja na mama yake mjamzito kwenye kinu cha zamani ambako baba yake wa kambo, Kapteni Vidal, ameweka kambi. Karibu na kinu kuna mzingile wa mawe, na humo anakutana na fauni, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, anayemweleza kwamba yeye ni binti wa mfalme wa chini ya ardhi na kwamba hana budi kutimiza majaribio matatu.

Mwanzoni kabisa tunamwona Ofelia amelala chini, damu ikiwa imemtoka puani, kisha damu ile inarudi ilikotoka huku kamera ikimsogelea mpaka ikaingia ndani ya jicho lake. Hatujaambiwa lolote kumhusu, lakini tumekwisha kupewa mahali pa kusimama, kwa kuwa yote yatakayofuata tutayaona kutokea ndani ya jicho hilo. Mwongozaji angeweza kuanza na picha ya mbali ya milima na magari ya jeshi, kama zinavyoanza filamu nyingi za vita, nasi tungekaa nje ya mtoto huyu tangu mwanzo, tukimtazama kama tunavyomtazama mtoto wa jirani anayeongea peke yake uani.

Baada ya hapo kamera haitulii. Inateleza pembeni, inapita nyuma ya shina la mti au ukuta wenye giza, na inapotokeza upande wa pili tumeshafika mahali pengine. Usiku mmoja Ofelia, akiwa kitandani na mama yake, anamsimulia mdogo wake aliye tumboni hadithi ya waridi lililoota juu ya mlima wa miiba. Kamera inashuka, inapenya tumboni, inatuonyesha kijusi, halafu inaendelea kusogea mpaka mlimani kwenyewe. Chumba, tumbo na ngano vimeunganishwa kwa mwendo mmoja. Laiti kungekuwa na mkato wa wazi kati ya chumba na mlima, jicho lingeelewa kwamba hapa ukweli umekoma na hapa ndoto imeanza. Mkato huo hatukupewa, na nadhani tulinyimwa kwa makusudi.

Rangi sitazisemea sana, maana wengi wamekwisha kuziandika: ubuluu wa baridi kwa dunia ya kapteni, dhahabu na wekundu kwa dunia ya fauni. Kilichonishika zaidi ni meza mbili. Kapteni anawaandalia wageni wake wakubwa chakula cha jioni, naye ameketi kwenye ncha ya meza, mahali pa mwenye nyumba, moto ukiwaka nyuma yake. Baadaye, katika jaribio la pili, Ofelia anaingia katika ukumbi wa zimwi lisilo na macho usoni, nalo limeketi kwenye ncha ya meza iliyosheheni vyakula, moto ukiwaka nyuma yake. Hakuna anayetamka kwamba hao wawili ni wa namna moja. Na Ofelia anapozila zabibu alizokatazwa, yeye yuko mbele ya picha na zimwi linaamka nyuma yake, nasi tunajua asichokijua. Mwili wangu ulisisimka, ingawa nilijua kwamba atatoka salama.

Ndiyo maana shoti moja ya mwishoni, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, inauma mno. Ofelia amemchukua mdogo wake mchanga na kukimbilia katikati ya mzingile, na kapteni, aliyetiliwa dawa ya usingizi katika kinywaji chake, anamfuata akiyumba. Tunamwona Ofelia akibishana na fauni. Kisha kamera inahamia aliposimama kapteni, tunatazama kwa macho yake, na fauni hayupo: yupo msichana tu, na kitoto mikononi, akisema na hewa. Ni sekunde chache, lakini sijawahi kumwona mtoto mpweke kuliko huyo. Muda mfupi baadaye kapteni anampiga Ofelia risasi, na bila shoti hiyo kifo chake kingekuwa kifo cha shujaa katika ngano. Kwa sababu yake, hata tunapoonyeshwa ukumbi wa dhahabu wa ufalme wa chini ya ardhi, viti vya enzi vilivyoinuliwa juu sana na wazazi wake wakimpokea, tunaingia humo tukiwa na woga kwamba huenda amekufa bure.

Dada yangu hushikilia kwamba shoti hiyo ndiyo hukumu, kwamba fauni alikuwa kichwani mwa mtoto tu. Mimi siafiki. Del Toro mwenyewe amesema kwamba kwake dunia ya Ofelia ni ya kweli, lakini sihitaji kuegemea kauli yake, kwa kuwa muda mfupi kabla ya shoti hiyo kamera imetuonyesha kuta za mzingile zikimfungukia Ofelia alipokuwa hana pa kupita, na kapteni akafika palepale akakuta ukuta mtupu. Macho tuliyoazimwa ni ya mtu aliyeleweshwa na dawa, ambaye hata akiwa mzima hakuwahi kumtazama mtoto huyu sawasawa. Nimemwandikia dada aitazame tena bila maandishi, kisha aniambie ukuta ule ulifunguliwa na nani.