Orodha ya mpox iliyotoka daftarini ikaingia WhatsApp

Wiki chache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, tarehe 14 Agosti 2024, nilifungua kundi la WhatsApp la avenue yetu, yaani mtaa wetu, hapa Goma, Kongo, nikakuta picha ya ukurasa wa daftari. Majina, umri, namba za simu: watu waliokaribiana na mgonjwa, wa kufuatiliwa siku 21. Mimi ni mhamasishaji wa afya. Mistari ya ukurasa ule nilikuwa nimeichora mwenyewe kwa rula.

Jina la nne lilikuwa la jirani yangu muuza makala, yaani mkaa, ambaye hakuwa mgonjwa. Asubuhi nilimkuta amekaa kando ya makopo yake ya kupimia, yote yamejaa, hakuna mnunuzi.

"Mama, mmeniuza," aliniambia.

Kundini sikuandika neno. Ukijibu, picha inapanda tena na waliolala wanaiona. Nilimpigia simu kiongozi wa kundi, akaifuta. Kisha mimi na shefu wa avenue tukapita kwa waliokuwa wameituma kwingine.

Kituoni ndiko kulikuwa na kazi. Muuguzi mkuu alisema, "Dada, hii ni dharura. Picha inafika ofisi ya zoni ya afya haraka kuliko karatasi." Hakusema uongo. Ebola ilipoingia Goma Julai 2019, kufuatilia watu kwa majina, pamoja na chanjo, ndiko kulikoizuia isienee mjini. Lakini mtu akishaona jina lake kwenye simu za majirani, kesho atakupa jina la uongo, na ugonjwa utakupita mlangoni.

Nilimfungulia kwenye simu Kanuni ya Dijitali, ordonansi-sheria (amri ya rais yenye nguvu ya sheria) namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari binafsi za mtu, na kifungu cha 31 cha Katiba kuhusu maisha yake ya faragha. Nikamwambia: dharura inampa mganga ruhusa ya kujua, si jirani. Alisoma polepole, akarudia mara mbili.

Tukakubaliana madaftari mawili. La majina linabaki kabatini na ufunguo anao yeye. Letu la kutembelea nyumba lina namba tu, na kinachopigwa picha ni hilo.

Siku ya 22 shefu wa avenue alinunua gunia zima kwa jirani yangu, mchana, watu wakitazama. Wanunuzi walirudi mmoja mmoja. Namba yake ya simu, hata hivyo, ilibidi aibadilishe.