Siku moja kambini Tengeru: maji, hesabu ya watoto na msitu wa Duluti

Likizo ya Juni ndiyo kilele cha kazi yetu. Leo kambini kwetu Tengeru, karibu na Arusha, kuna wanafunzi 60 wa darasa la sita kutoka Moshi mjini, walimu wao wanne na sisi wafanyakazi sita. Jumla watu 70, na karibu kila kipimo cha siku hii kinaanzia kwenye namba hiyo. Mimi ndiye mratibu. Ni siku ya pili kati ya tatu, siku ambayo watoto wameshazoea kambi na ndiyo hasa inayohitaji macho.

Saa 10:30 alfajiri

Mama mpishi anawasha moto. Uji wa watu 70, kila mmoja kikombe cha mililita 400, ni lita 28, kwa hiyo unga ni kilo tatu kasoro kidogo. Unga unakorogwa kwanza kwa maji ya baridi ndani ya ndoo, ndipo unamiminwa kwenye maji yanayochemka huku mwiko ukizunguka. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto, unapata madonge yaliyoiva nje na mabichi ndani, na watoto watayaacha kwenye vikombe.

Maharage ya mchana yalilowekwa usiku kucha, nayo yanabandikwa sasa hivi. Tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 96 badala ya 100. Mpishi aliyezoea Tanga au Dar es Salaam akikadiria muda wa kwao, chakula kinachelewa saa nzima, na chakula kikichelewa ratiba yote ya mchana inavurugika.

Saa 11:15 alfajiri

Nazunguka kambi na tochi. Kwanza tangi la maji. Tunakadiria lita 20 kwa kila mtu kwa siku, yaani lita 1,400, na tangi ni la lita 5,000. Likijazwa mara moja linatosha siku tatu kwa shida, na bomba moja likiachwa wazi usiku halitoshi. Ndiyo maana nasoma kina kila alfajiri na kukiandika.

Maji ya kunywa na kupikia ni habari nyingine, na mtu yeyote anayefungua kambi upande huu wa Mlima Meru inabidi alielewe jambo hili kabla hajanunua hata hema moja. Chemchemi na visima vingi vya hapa vina floridi nyingi kwa sababu maji yanapita kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Meru vinazidi hapo. Meno ya rangi ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia huku yanatokana na maji hayo. Kuchemsha hakuondoi floridi. Kunaiongeza, kwa kuwa maji yanapungua na floridi inabaki palepale. Klorini nayo inaua vijidudu tu.

Kinachosaidia ni mambo mawili: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi, au chujio la mkaa wa mifupa. Mkaa huo ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo, kisha ikapondwa. Uliochomwa vizuri una rangi ya kijivu hadi nyeusi. Ukiwa mweupe, moto ulizidi na nguvu ya kunasa floridi imepungua. Ukinuka na kutia maji rangi, haukuiva. Chujio hujaa, kwa hiyo maji yake yapimwe mara kwa mara na mkaa ubadilishwe. Siku tatu hazimharibii mtoto meno, lakini wafanyakazi wanakunywa maji haya mwaka mzima.

Maji yaliyochujwa yanawekwa kidonge cha klorini, kimoja kwa ndoo ya lita 20, yanafunikwa na kuachwa dakika 30. Yakiwa na vumbi au tope, yapitishwe kwanza kwenye kitambaa safi, kwa sababu uchafu unaimaliza klorini kabla haijafika kwenye vijidudu.

Kisha vyoo. Kipimo cha shule nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wasichana wetu ni 32 na wavulana 28, kwa hiyo kila upande una matundu mawili. Kila mlango una kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni iliyofungwa kwa kamba, maana sabuni isiyofungwa hupotea kabla ya jua kupanda. Kwenye choo cha wasichana kuna kikapu chenye pedi, pasipo mtoto kulazimika kuomba.

Saa 12:30 asubuhi

Filimbi inapigwa na hesabu ya kwanza inaanza. Kila mtoto ana namba kuanzia 1 hadi 60, na makundi ni sita ya watoto kumi kumi. Kila mmoja anataja namba yake kwa sauti. Hatuulizi "wote mpo?" kwa sababu watoto hujibu "ndiyo" kwa niaba ya rafiki aliye chooni. Hesabu hurudiwa kila tunapovuka mpaka: kutoka kambini, kuingia msituni, kushuka ziwani, kutoka ziwani, kurudi.

Mawingu yakiwa hayajashuka, huu ndio wakati wa somo la dira. Kutoka hapa kilele cha Meru, mita 4,566, kipo kwenye nyuzi kama 340, yaani kaskazini na kidogo magharibi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kama kilomita 70 kutoka hapa, ipo karibu na nyuzi 60, yaani kaskazini mashariki. Watoto wa Moshi wameizoea Kibo ikiwa kaskazini mwao, na wengi wanashangaa dira inapowaonyesha upande mwingine. Hapo ndipo wanaelewa kwamba aliyehama ni wao. Simu na funguo ziwekwe mbali, maana chuma huvuta sindano. Juni mawingu hushuka mapema, kwa hiyo somo hili likisubiri baada ya chai, mlima unakuwa umeshajifunika.

Saa 1:15 asubuhi

Uji, viazi vitamu, yai moja kwa kila mtu. Wakati wanakula, mimi na mwalimu wa afya tunapitia fomu za ridhaa za wazazi na mfuko wa dawa. Mwenye pumu anabeba pampu yake mwenyewe, haikai ofisini. Mwenye kifafa anapewa dawa mbele yetu na tunaandika saa. Huyo hakai kwenye mtumbwi bila mtu mzima wa pembeni yake.

Wenye selimundu nawafuatilia kwa namna ya pekee. Baridi, upungufu wa maji mwilini na uchovu huweza kuamsha maumivu makali, na asubuhi za Juni huku zina manyunyu na baridi kali. Wanavaa sweta mbili, wanakunywa maji kwa saa maalumu hata kama hawana kiu, na hawavuliwi sweta eti kwa kuwa wenzao wanacheza. Mzazi asiyeandika hali ya mtoto kwenye fomu kwa kuogopa asikataliwe ndiye anayemweka hatarini. Sisi hatumkatai mtoto kwa sababu hiyo. Tunachohitaji ni kujua.

Saa 2:15 asubuhi

Mabegi yanakaguliwa: maji lita moja na nusu, sweta, koti la mvua, viatu vya kufunga. Kandambili hurudi hemani, kwani mizizi ya njia ya Duluti ikilowa huteleza sana. Msafara una mtu mzima mbele, mtu mzima nyuma, na mmoja kwa kila kundi. Wa nyuma hampiti mtoto yeyote kwa sababu yoyote.

Saa 3 hadi saa 6

Ziwa Duluti limo ndani ya kreta ya volkano, limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kibali na waongozaji vinapangwa kabla, si getini asubuhi ile. Watoto 60 hawaingii wote kwenye njia moja kwa pamoja, maana wa mwisho hawatasikia wala kuona kitu. Makundi matatu yanaanza msituni na matatu ziwani, kisha yanabadilishana.

Msituni kila watoto watano wana kamba ya mita nne. Wanaifanya mraba wa mita moja kwa mita moja, wanapiga magoti na kuandika kila wanachokiona kwa dakika 20: aina za majani, miche, kuvu, vinyesi, wadudu. Mraba wa pili unawekwa pembeni ya njia iliyokanyagwa. Wanalinganisha, na hakuna haja ya kuwahutubia kuhusu hifadhi, kwa sababu tofauti wameiandika wenyewe. Kosa la kawaida hapa ni la sisi watu wazima. Tunataja jina la kila mti kabla mtoto hajauangalia, na akishapewa jina anaacha kutazama.

Kima wakionekana, chakula hakitolewi kwenye begi. Kenge wa ufukweni anaachiwa njia yake.

Ziwani, jaketi okozi huvaliwa kabla ya kufika gatini. Kukagua ni rahisi: baada ya kufunga mikanda yote, vuta mabega ya jaketi juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au limelegea, na mtoto akitumbukia litamvuka. Jaketi za watu wazima hazifai watoto hata zikikazwa namna gani. Tunapima uangavu wa maji kwa kisahani cheupe cha sentimita 20 kilichofungwa kwenye kamba yenye fundo kila sentimita 10. Kinashushwa hadi kisionekane, kinapandishwa hadi kionekane tena, na wastani wa vipimo hivyo viwili ndio unaoandikwa. Ndiyo njia aliyoitumia padri Mwitalia Angelo Secchi baharini mwaka 1865, na kifuniko cha ndoo kinafanya kazi ileile. Kina kikiwa kifupi, maji yana mwani mwingi au tope, na hapo maswali ya mbolea ya mashambani na mifereji ya mvua huja yenyewe. Mitumbwi inatoka majini kabla ya saa sita, kwa sababu upepo wa mchana huamsha mawimbi.

Saa 7 mchana

Wali, maharage, kabichi, ndizi mbivu. Mchele gramu 150 kwa mtu, jumla kilo 10 na nusu. Maharage makavu kilo tano na nusu. Wali uliobaki hauwekwi hadi kesho. Bila friji, bakteria wa mchele uliolala huleta kutapika, na kuupasha moto hakuiondoi sumu yao.

Saa 8 mchana

Mapumziko ya saa nzima na nusu. Kila mara mwalimu fulani ataniambia kwa heshima zote, "Mratibu, wazazi wamelipa, tuwaongezee mchezo." Jibu langu halibadiliki. Mtoto aliyetembea asubuhi nzima akipandishwa kwenye kamba bila kupumzika ndiye anayetegua kifundo cha mguu. Ratiba yenye nafasi ni sehemu ya usalama.

Saa 9:30 alasiri

Kamba ya kutembelea, sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini. Miti miwili yenye unene usiopungua sentimita 30. Tunagonga shina kwa rungu, na likilia kama debe tupu, moyo umeoza, mti huo unaachwa. Gunia lizungushwe kwenye gome ili mkanda usilikate. Ardhi isafishwe mita mbili kila upande. Visiki vilivyofichwa na majani ndivyo vinavyojeruhi, kuanguka kwenyewe si tatizo. Tunatumia mkanda mpana wa kufungia mizigo ya malori, wenye kikazio. Kamba ya katani hujikaza ikilowa umande na kulegea ikikauka, na fundo lake likishabebeshwa uzito halifunguki tena.

Walinzi wawili wanatembea sambamba na aliye juu, mguu mmoja mbele, viganja wazi usawa wa kifua. Hawamshiki mkono, kwani ukimshika atakuegemea na mtaanguka wote. Wanamwachia apepesuke, wanamdaka akitoka. Watoto wenyewe wanajifunza kulindana, na kwangu hili ndilo somo kubwa kuliko kuvuka.

Saa 12 jioni

Maji ya moto ya kuoga, wasichana kwanza kwa kuwa giza linaingia. Kisha ugali, kilo 14 za unga, na mchicha na nyama.

Saa 1:30 usiku

Moto wa kambi. Kuni zimenunuliwa; kuokota hifadhini haturuhusu. Mawe ya kuzunguka moto yawe makavu ya shambani, si ya mtoni au ziwani, kwani maji yaliyofungiwa ndani yakipata moto jiwe hupasuka na kurusha vipande. Ndoo mbili za maji na moja ya mchanga zipo pembeni. Hapa ndipo husimuliwa hadithi ya Wachagga ya Mawenzi, kilele jirani cha Kibo, aliyekwenda tena na tena kwa Kibo kuomba moto hadi akapigwa, akabaki na kichwa kilichovunjikavunjika. Asubuhi wameipima Kibo kwa dira, kwa hiyo wanajua wanyooshe kidole wapi.

Kuzima: maji, koroga, maji tena, kisha weka mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukisikia joto, rudia.

Saa 3 usiku

Namba 1 hadi 60, mara ya mwisho. Mwalimu wa kike analala karibu na mahema ya wasichana. Chooni huenda wawili wawili na taa, na mtu mzima hakai peke yake na mtoto hemani. Jiko la mkaa haliingii hemani hata baridi iwe kali vipi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua watu usingizini.

Kwenye daftari la matukio naandika hata mikwaruzo midogo, pamoja na kina cha tangi. Mlinzi anakabidhiwa simu iliyochajiwa, orodha ya majina na namba ya dereva wa dharura. Hospitali ya Mount Meru iko Arusha mjini, kama kilomita 13 kutoka hapa. Kesho kundi linaondoka saa nne asubuhi. Basi lifike saa tatu, likaguliwe matairi na mikanda, na viti vihesabiwe. Vikipungua 64, watoto hawabanwi wala hawasimami. Tunaita gari la pili.