Kwa Pinto na Murumbi, City Park

Matatu ilinishusha Barabara ya Limuru, nikaingia City Park kwa miguu. Siku ya Jumapili bustani hii ya Nairobi hujaa: familia zimetandika leso kwenye nyasi, watoto wanawarushia kima njugu. Nilipita katikati yao nikaelekea makaburini, ambako ni wachache wanaofika.

Makaburi haya ni ya enzi za ukoloni na maandishi kwenye mawe mengine yamefifia. Nilimkuta mzee mmoja anafyeka.

“Habari yako, mzee. Natafuta kaburi la Pinto.”

“Yule wa siasa? Twende, mwanangu.”

Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927, Mgoa, yaani mwenye asili ya Goa huko India, aliyeamua kuwa vita vya Mwafrika ni vyake. Alikuwa mwandishi wa habari, akawasaidia wapiganaji wa Mau Mau kwa siri, wakoloni wakamfunga kisiwani Manda. Uhuru ulipopatikana aliingia Bungeni, akawatetea wasio na ardhi. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi nyumbani kwake Westlands, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Hakuwa ametimiza miaka 38. Kisilu Mutua, aliyefungwa kwa mauaji hayo, aliachiliwa mwaka 2001 akishikilia kwamba hakumuua. Waliopanga hawajafikishwa mahakamani hadi leo, na nikiwa mbele ya jiwe lile niliona uchungu kana kwamba ni habari ya juzi.

Rafiki yake hayuko mbali. Joseph Murumbi, mama Mmaasai na baba Mgoa, alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Alishika cheo hicho mwaka 1966 na mwaka huohuo akakiacha. Kabla ya kufa mwaka 1990 alitaka azikwe karibu na Pinto, akalazwa papo hapo bustanini, nje tu ya makaburi. Mkewe Sheila yuko kando yake, na wamezungukwa na sanamu za wasanii aliowapenda, akiwemo Elkana Ong’esa wa Kisii. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mtu aliyewahi kuwa na serikali nzima nyuma yake alichagua kulala jirani na rafiki aliyeuawa!

Natamani walimu wa Nairobi wawalete wanafunzi hapa. Wakitoka, wapite Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, wakaone kazi za sanaa na vitabu ambavyo Murumbi alikusanya.