Siku moja ya kuhesabu maua Elgon

Saa kumi usiku simu imelia na sijalala vizuri, Kitale mvua ilipiga mabati usiku kucha. Chai ya rangi, chapo mbili za jana, gambuti kwa begi, boda hadi steji.

Saa moja na nusu tuko geti ya Chorlim, ya kuingia hifadhi ya Mlima Elgon. Siku hizi nasaidia binti mmoja wa chuo anayesomea okidi inaitwa Satyrium crassicaule, yeye anaandika mimi natafuta. Watu wakisikia okidi wanadhani ile ya kukaa juu ya mti, kumbe hii inamea chini tu, kwenye nyasi zenye maji maji, unaweza kuipita miaka yote ukichunga ng'ombe.

Saa nne tumeshapanda, ukungu, vidole ganzi. Afande anaangalia nyati, sisi tunaangalia chini. Yenyewe ni bua nene, maua madogo ya pinki yamebanana kama punje kwa gunzi, na ukiinama karibu kila ua ni kama kofia ndogo, nyuma yake kuna mikia miwili. Miwili! Hapo ndipo naijulia, okidi zingine za chini kama Disa na Habenaria zina mmoja. Binti akachukua kijiti cha meno akakiingiza ndani ya ua polepole, kutoa, ncha imenatwa na kibonge cha chavua. "Anko, hivi ndivyo mdudu anavyobebeshwa." Yaani anakuja kunywa anaondoka na mzigo wa watu.

Saa saba githeri baridi. Nikakaa vizuri kabisa, afande akacheka, "Mzee, umekalia kazi." Bua limevunjika kati. Nilitaka kulia, ila binti akasema chini kuna viazi viwili, kimoja kinalisha ua la mwaka huu kinanyauka, kingine ni cha mwaka ujao, kwa hivyo labda itarudi. Akaniambia Zambia wanasaga viazi vya okidi za aina hii na karanga wanapika chikanda, na vingine vinachimbwa hadi kusini mwa Tanzania. Sasa ukichimba kile kipya mwakani kuna nini? Mbegu zenyewe ni vumbi, hazina chakula ndani, mpaka zipate kuvu ya udongoni ndiyo zimee.

Saa kumi tumeshuka tumelowa.

Saa tatu usiku nakausha karatasi za hesabu ya maua juu ya jiko, nimefika mraba wa nne wa nyasi tuliohesabu wino umetapakaa, sijui ni 11 au 17. Sijamwambia bado.