Mstari Uliokuwa Ukirukaruka

Ilikuwa Februari 2021, Tanga. Kaskazi imeshika, na sebuleni kwa dada yangu pale Makorora joto halishuki chini ya nyuzi 31 hata usiku. Mpwa wangu alikuwa na kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zinazotolewa maofisini Ulaya: prosesa (ubongo wa kompyuta) i5-6500, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 8, diski ngumu ya GB 500, na kadi ya picha GTX 1050 Ti ya GB 4, ile fupi isiyohitaji waya wa umeme wa pembeni kwa sababu wati zake 75 inazipata zote kwenye sloti. Kwa GTA V, gemu lililotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, mashine hiyo ilitosha kabisa. Alilipata bure Mei 2020, wiki ile Epic, duka la magemu la mtandaoni, lilipoligawa, akalipakua kidogo kidogo kwa vifurushi vya usiku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, linafanyaje?"

"Linakwama. Dakika kumi za mwanzo safi, halafu linaanza kukatakata. Na nikiendesha gari kwa kasi ndiyo balaa. Fundi kasema kadi imechoka."

Dada alikuwa ameshatenga Sh 450,000 za kadi nyingine. Mwaka ule kadi za picha zilikuwa adimu dunia nzima, wachimbaji wa sarafu za kidijiti wanazikomba, na hela hiyo ingenunua kadi isiyozidi ile aliyonayo. Fundi alikuwa ameshasafisha draiva, programu inayoiendesha kadi, mara tatu na kupunguza ubora wa picha hadi chini kabisa. Hakuna kilichobadilika, na hiyo yenyewe ilikuwa habari. Ukipunguza ubora wa picha na kukwama kukabaki vilevile, ujue kadi haijaelemewa. Tatizo liko kwa mwingine.

Kabla ya kugusa chochote nilitazama nyuma ya mashine. Waya wa HDMI wa skrini ukichomekwa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, badala ya kwenye kadi, gemu linaendeshwa na kadi ndogo ya picha iliyo ndani ya prosesa na kadi inakaa bure. Kosa hili nimelikuta mara nyingi mno kiasi kwamba silipiti. Hapa ulikuwa mahali pake. Nikaweka programu ya vipimo, MSI Afterburner, pamoja na RivaTuner inayokuja nayo, nikawasha vipimo vitano vionekane pembeni ya skrini: matumizi ya kadi, joto la prosesa, kasi ya prosesa, RAM, na muda wa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, huu wa mwisho kwa mchoro wa mstari na siyo namba.

Mstari huo ndio wa kutazama. Mpwa wangu alikuwa akitegemea idadi ya fremu kwa sekunde, nayo ilikuwa ikimwambia 55, karibu na 60, kana kwamba mambo ni mazuri. Hesabu yenyewe iko hivi: kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila moja inachukua milisekunde 16.7. Fremu moja ikichelewa milisekunde 100, zile 900 zilizobaki bado zinatosha fremu 54. Namba inasoma 55, lakini jicho limeona gari likisimama na kuruka mbele. Wastani unameza kile hasa unachokitafuta.

Dakika kumi za mwanzo mstari ulilala. Ya kumi na moja ukaanza kutetemeka. Joto la prosesa lilikuwa limegonga nyuzi 100, na hapo prosesa hii hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue: kutoka GHz 3.3 ikashuka hadi 2.1, ikapoa kidogo, ikapanda, ikashuka tena. Kadi wakati wote huo ilikuwa ikifanya kazi kwa asilimia 55 tu, inasubiri kuletewa kazi. Nikafungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani ndani. Dakika nne baadaye joto lilikuwa nyuzi 83 na mstari umelala. Jaribio hilo halina gharama, na mtu yeyote anayeambiwa anunue kadi alifanye kwanza.

Tukazima, tukachomoa waya wa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Nilipotoa feni ya prosesa, vumbi kwenye mapezi ya hitisinki, chuma kinachoipoza prosesa, lilitoka kipande kizima, limeshikamana kama kitambaa cha sufi, la kijivu, na upande wa ndani lina unyevu wa chumvi ya bahari. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Chini yake pesti, ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye hitisinki, ilikuwa imekauka mithili ya chaki. Nilipoipitishia kucha ilibanduka vipande vipande. Kompyuta yenyewe ilikuwa imewekwa ndani ya kabati la televisheni, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi. Kwa hiyo ilikuwa ikivuta hewa ileile iliyoitoa.

Mpwa wangu alishika blowa ya kupulizia vumbi, nami nikazuia panga za feni kwa kidole. Feni ikiachwa izunguke kwa nguvu ya upepo inaumiza beringi zake. Pesti ya zamani tuliifuta kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa kisichoacha nyuzi, tukasubiri dakika 10 ikauke. Alikuwa ameleta jeli ya kunawia mikono, mwaka ule ilikuwa kila nyumba, nikamkataza: ina gliserini, inaacha utando ambao ndio huohuo tunaouondoa. Pesti mpya ni tone moja katikati, ukubwa wa njegere ndogo, basi. Nyingi haipozi zaidi; inafurika pembeni tu. Skrubu nne za hitisinki hukazwa kwa kupishana pembe, mizunguko miwili hii, miwili ile ya mkabala, la sivyo upande mmoja unainuka na pesti haisambai sawasawa.

Tukawasha. Nusu saa nzima ya gemu, joto halikupita nyuzi 76, kasi imesimama GHz 3.3. Mpwa wangu akaruka kwa furaha, kisha akachukua gari na kukanyaga mafuta katikati ya jiji, na mstari ukachomoka juu: milisekunde 300, zikapita sekunde tano, milisekunde 420.

Huu ulikuwa ugonjwa wa pili, na tabia yake ni tofauti. Kukwama kwa joto huja baada ya muda na hutetemesha. Huku kwa sasa kulikuja pale tu mandhari mpya inapohitajika, kukawa kuzito na kwa ghafla. Gemu lenye ramani kubwa halipakii jiji lote kwenye RAM. Linasoma mitaa ya mbele kutoka diski kadiri unavyokwenda. Ukitembea kwa miguu diski inawahi, ukikimbia inaachwa. Kwenye Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inavyofanya kazi, diski ilikuwa asilimia 100 huku ikisoma data kidogo sana. Diski isiyo na kasoro ikifanya kazi nyingi husoma data nyingi. Hii ilikuwa inang'ang'ana na kitu.

CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, ikatoa jibu kwa rangi ya njano: mstari wa C5, sekta (vipande vidogo vya diski) zinazosubiri kuhamishwa, ulikuwa na thamani 18. Programu hiyo huonyesha thamani ghafi kwa heksadesimali, mfumo wa kuhesabu kwa kumi na sita, isipobadilishwa, kwa hiyo 18 ile ni sekta 24. Diski ikifika kwenye sekta mbovu huisoma tena na tena ikitumaini itafaulu, na gemu zima linasimama kuisubiri.

Hapo nikaacha habari ya gemu. "Madaftari yako ya shule yako wapi?" Yalikuwa humohumo, pamoja na picha zote za marehemu babu yake. Tulizihamishia kwenye fleshi mbili kabla ya kitu kingine chochote, saa moja na nusu, faili tatu zikigoma na mbili kati ya hizo zikikubali kwa mara ya tatu.

Kesho yake dada alinunua SSD, diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 240 kwa Sh 85,000. Windows niliiweka upya, sikunakili diski, maana kunakili sekta mbovu ni kuhama na ugonjwa. Gemu, ambalo lingemeza karibu nusu ya nafasi, hatukutaka kulipakua tena. Unaanza kulipakua kwenye SSD kama mtu mpya, unalisimamisha baada ya asilimia chache, unafunga programu ya Epic kabisa, unanakili folda ya zamani juu ya hiyo mpya, kisha unafungua na kuendelea. Programu inakagua kila faili na kuleta zilizoharibika tu. Bando la GB 5 lilitosha na likabaki.

RAM ilikuwa kijiti kimoja. Nikamwambia cha pili cha GB 8, aina ileile, kiwe kitu kitakachofuata, ili prosesa isome kwa njia mbili. Siyo lazima leo. Ubora wa picha tukaurudisha juu isipokuwa nyasi, ambazo gemu hili huzitoza ghali kuliko zinavyoonekana, na vivuli vya ubora wa ziada. Fremu tukazifunga kwenye 60, sawa na skrini yake.

Akaendesha kutoka uwanja wa ndege mpaka vilimani bila kuachia mafuta. Mara mbili aligonga nguzo, kwa sababu macho yake hayakuwa barabarani. Yalikuwa kwenye kona ya skrini, kwenye mstari uliolala pale kwenye 16.7. Mama yake alikuwa nyuma ya kabati na bisibisi, anang'oa ubao wa mgongoni.